Ua Kwenye Mkono wa Kulia

Jumamosi moja alasiri, kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga Tandika, binti yangu alinichora kuku kwenye kiganja cha kushoto, nami nikamchora ua nyuma ya mkono wake wa kulia. Alikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa. Kuku wake alimchora kwa hina, na alidumu wiki mbili na siku chache. Ua langu nililichora kwa piko, na leo, mwaka na zaidi umepita, bado lipo. Naliona kila asubuhi ninapomfunga kifungo cha mkono wa sweta la shule, ambalo halivui hata kwenye joto la Februari.

Naandika kwa mpangilio, jinsi mambo yalivyofuatana, kwa sababu yapo maneno niliyoyasema kwa makusudi mbele yake na nimeshindwa kuyarudisha.

Mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Singida, na kwetu bibi harusi alipakwa mafuta mazuri, akavalishwa, basi. Hina nilijifunzia hapa mjini, kwa mama mwenye duka la kona, mtu mzima ambaye babu yake alitoka Arabuni na ukoo wake umeuza sukari na mafuta ya taa mtaani petu tangu kabla ya lami. Zamani yeye ndiye aliyewapamba maharusi wa Tandika yote. Macho yalipoanza kumsumbua alinikalisha kwenye mkeka nyuma ya duka, Jumapili baada ya ibada, akanipa koni ya hina na kipande cha boksi nichoree.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Huo mkono mzito, unachora kama unapanda mihogo."

Alinifundisha kuchekecha unga wa hina kwa soksi nyepesi ya kike, kuukanda kwa ndimu na chai ya rangi iliyokolea, kuuacha ulale, kisha kuutia kwenye koni ya nailoni na kuikata ncha kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Alinifundisha pia mambo mawili aliyoyarudia kila Jumapili. La kwanza, anayepakwa asitingishike; akitingishika ua linaharibika, na hina haifutiki kama chaki. La pili, mikono miwili lazima ifanane. Bibi harusi akitoka na mkono mmoja, watu watasema fundi alichoka au alikuwa hajui.

Piko hakunifundisha. Piko ni ile nyeusi, inayouzwa kwenye viboksi vidogo, unga na kichupa cha maji yake. Inashika kwa saa moja tu, wakati hina inataka usiku mzima, na inaonekana hata kwa mbali. Wateja wa siku hizi wanaitaka. Nilipomuuliza, yule mama alicheka.

"Hiyo dawa ya mvi, mwanangu. Mie naipakaga kichwani, na kichwa chenyewe kinawasha. Hayo mambo yenu nyie vijana."

Nilijifundisha mwenyewe. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa karani wa masjala, napokea barua, nazisoma, nazigonga muhuri, naziweka kwenye jalada linalostahili. Jumamosi nilikuwa dada wa hina. Niliitwa Kipawa, niliitwa Mikocheni kwenye nyumba za vigae, na huko kote walitaka hina nyekundu ndani na piko nyeusi pembeni, ua lionekane kwenye picha.

Binti yangu alianza kukaa karibu nami akiwa na miaka mitatu. Kwanza alishika soksi nikichekecha. Halafu akawa fundi wa koni: mimi nakunja nailoni, yeye anakata utepe wa gundi kwa meno na kuubandika. Akiwa na miaka minne tulianzisha daftari. Nilikuwa nalaza mkono wake juu ya ukurasa, nauzungushia penseli, halafu tunajaza pamoja. Upande wa kulia wangu, upande wa kushoto wake, na yeye anajitahidi mikono ifanane. Haikufanana. Mimi nikiweka majani matatu, yeye anaweka kumi na moja, kwa sababu akishaanza jani haoni sababu ya kuacha. Daftari lile lina mikono yake ishirini na mitatu, na ukilifunua haraka unauona mkono unakua.

Alipenda kuniiga nikiongea na wateja. Anamlaza mwanasesere wake kwenye mto niliouvisha kanga kuukuu, mto ambao wateja huwekea mkono, na anamwambia kwa sauti yangu kabisa, "Dada, usitingishike, utanilaumu bure."

Jumamosi ile haikuwa na mteja. Jumatatu yake ilikuwa mahafali ya chekechea. Walikuwa wameshonewa majoho ya bluu na kofia za boksi, na yeye alichaguliwa kushika mkasi wa kukatia keki. Nilijua picha zitapigwa, na mkono wake utakuwa mbele ya kila picha. Nilijua pia wazazi watakuwa wamejaa pale, na kwamba mmoja ataniuliza, nani kamchora mtoto? Hilo nililifikiria kabla ya yote. Siwezi kusema sikulifikiria.

Alianza yeye. Nilimpa koni ya hina, nikalaza mkono wangu kwenye mto.

"Unataka nini, dada?" aliniuliza.

"Ua zuri, fundi."

"Maua yameisha. Kuna kuku."

Akanichora kuku. Alimpa miguu mitano. Nilipomuuliza kwa nini mitano, alisema huyu anakimbizwa. Nilicheka mpaka nikatingishika, na yeye akanigombeza.

Kisha ikawa zamu yangu. Angepakwa hina, rangi ingekuwa hafifu, maana mikono ya watoto haikai saa zote hizo bila kunawa. Nikachanganya piko. Huwa naichanganya kwa maji ya kawaida. Siku ile nilitumia maji ya kile kichupa, yote, kwa sababu nilitaka iwe nyeusi kweli. Alikuwa ameshawahi kupakwa piko mara moja, nukta tano tu kwenye vidole, kwenye harusi ya jirani, na siku zilizofuata alijikunakuna. Nilidhani ni mbu.

Nilimchorea ua la petali sita, lenye mshipa uliopanda mpaka kidole cha shahada, na majani mawili kwenye kifundo cha mkono. Lilikuwa zuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilijisemea hivyo nikiwa bado nachora. Kwenye petali ya sita muuza lambalamba alipita na kengele yake, mtoto akageuka, na ncha ya koni ikateleza. Ukatoka mstari mwembamba kama mkia, kuelekea upande wa kidole gumba. Niliufuta kwa pamba yenye mate lakini ulikuwa umeshashika.

"Umeona?" nilimwambia. "Umetingishika, limeharibika."

Aliutazama ule mstari. Akaanza kusinzia kabla sijaanza mkono wa kushoto, na piko iliyobaki ikakauka kwenye koni. Tukasema wa kushoto tutaumalizia kesho. Kesho yake ilikuwa ibada, halafu wageni, na hatukuumalizia.

Jumatatu alikata keki. Wazazi watatu waliniuliza nani kamchora.

Jumanne alisema mkono unawasha. Jumatano asubuhi nilipomwogesha, ua lilikuwa limeinuka. Ngozi ya pembeni ilikuwa nzima, laini kama kawaida, lakini kila mahali ilipopita koni yangu palikuwa na malengelenge, petali zote sita, mshipa, majani, na ule mkia. Jioni yakaanza kupasuka na kutoa maji. Alilia huku ameuweka mkono juu ya mto wa wateja, maana ndipo alipouzoea.

Nilimpeleka zahanati Alhamisi. Daktari alikuwa kijana, mpole, na chumba chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtoto alikaa kwenye mapaja yangu na magoti yetu yaligusana na meza. Aliuliza ni nini kilichopakwa. Nikasema piko. Akaandika. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani alimpaka?"

Nilikuwa na muda wa kujibu vizuri. Sikushtuliwa, sikubanwa. Nikasema, "Alijipaka mwenyewe, dokta. Nilikuwa jikoni."

Mtoto aligeuka akanitazama. 

Daktari aliacha kuandika. Aliushika ule mkono kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Petali sita zilizolingana, mshipa usiokatika, majani mawili, moja kila upande. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe ulivyohitaji.

"Mtoto wako fundi," alisema.

Akatuandikia dawa ya kupaka na ya kumeza. Akaniambia piko asiiguse tena maisha yake yote, wala dawa ya kupaka nywele akiwa mkubwa. Na kwamba kovu linaweza kuvimba.

Tulipofika barabarani mtoto aliniuliza, "Mama, si wewe ndiye uliyenipaka?"

"Tutaongea nyumbani," nilisema.

Nyumbani hatukuongea, kwa sababu baba yake alikuwa ameshafika. Ni mwalimu, mtu wa haki, hapigi watoto. Aliniuliza daktari amesemaje na mimi nikamweleza kama nilivyomweleza daktari, kwa sababu uongo ukishausema mara moja unakuwa na mpangilio wake, na mimi ni mtu wa mpangilio. Akamwita mtoto.

"Nilishakwambia usiguse vitu vya kazi vya mama yako. Sikukwambia?"

"Ulisema."

"Sasa unaona?"

"Naona."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji wake. Maneno matatu yangetosha. Nilisubiri amalize kumgombeza, nikampa uji.

Usiku huo nilikitoa kile kiboksi kwenye pipa la taka na kukisoma. Kazi yangu ni kusoma karatasi. Kwa miaka minne nilikuwa nimefungua viboksi kama kile bila kusoma upande wa nyuma. Maandishi ni madogo, ya Kiingereza, lakini yanasomeka. Yanasema jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, usubiri siku mbili. Yanasema ni kwa nywele tu. Yanasema si kwa mtoto. Nikakirudisha kwenye pipa, chini ya maganda ya viazi, nikayapanga maganda juu yake.

Uongo nikauendeleza. Mteja aliyemwona mtoto na bandeji aliambiwa amemwagikiwa chai. Shuleni, alipoanza darasa la kwanza, niliandika kwenye fomu kwamba aliungua akiwa mdogo. Mama wa dukani ndiye pekee ambaye sikumdanganya, na si kwa ujasiri. Hakunipa nafasi. Aliushika mkono wa mtoto siku bandeji ilipotoka, akapitisha kidole gumba juu ya petali taratibu, na macho yake yale mabovu.

"Huu mkono naujua," alisema. Hakuwa anausemea mkono wa mtoto. "Mwanangu, mie ndio niliokufundisha kuchora hivi."

"Mama, nisamehe."

"Unaniomba mie? Mie nimefanywa nini?"

Tangu siku hiyo ananiuzia sukari na kunijibu salamu. Kwenye mkeka hajanikaribisha tena.

Kovu lilivimba, kama daktari alivyosema. Liliinuka taratibu kwa miezi, likawa la kung'aa na gumu, na lilifuata mchoro wangu bila kukosea hata mahali pamoja. Mkono wake unakua na ua linakua nao. Likivutika, anaumwa anaposhika penseli, kwa hiyo anaandika kidogo, anaacha, anakunja na kukunjua vidole, anaandika tena. Mwalimu amesema ni mzito wa kumaliza kazi. Kuchora aliacha kabisa. Nilimnunulia penseli za rangi, akazipanga kwenye boksi lake kuanzia ndefu hadi fupi, akalifunga. Nikimfungulia daftari letu ananiambia, "Chora wewe, mama, mie nakuangalia." Mimi nami sikuweza. Hina niliacha. Nilisema nimechoka, ofisi imenibana.

Yule kuku wangu alifutika muda mrefu kabla ya haya. Aliondoka mguu mmoja mmoja, kwa kuosha vyombo. Siku aliyobaki na mguu mmoja mtoto aliuona, na bandeji mkononi, akasema, "Sasa wamemkamata."

Shuleni walimpa jina. Nilikuja kulijua kwa sababu Ijumaa moja nilimfuata mapema na kuwasikia getini, wasichana watatu wa darasa lake, wanaimba hivi hivi bila hasira, kama mchezo wa kamba: "Bi harusi nusu, bi harusi nusu, mkono mmoja kaolewa, mmoja kaachwa." Yeye alikuwa akicheka nao. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa sweta, ameukunja ngumi na kuushikilia mdomo wa sweta kwa ndani. Njia nzima sikumuuliza kitu.

Jumamosi iliyofuata, ambayo ni mwezi uliopita, nilikuwa nachagua mchele barazani. Alitoka ndani na ule mto. Sijui aliutoa wapi. Nilikuwa nimeusukuma nyuma ya kabati. Alikuwa ameuvisha kanga, si ile kuukuu, kanga yangu nzuri ya sherehe, na ameifunga kwa chini kama nilivyokuwa naifunga. Akauweka mbele yangu, akakaa, akalaza juu yake mkono wa kushoto.

"Mama, tumalizie na huu."

"Tumalizie nini?"

"Ua. Si ulisema mikono miwili lazima ifanane? Nipake kwa ile nyeusi. Sio hina. Hina inatoka."

Nilisogeza ungo pembeni. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima siku atakayoniuliza, na nilikuwa nimeandaa majibu ya mtoto mwenye hasira. Huyu hakuwa na hasira. Nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena, nikamwambia yote, kwa mpangilio. Kwamba ni mimi niliyempaka, wala hakujipaka. Kwamba nilimwambia daktari uongo, na baba uongo, kwa sababu niliona aibu na niliogopa. Kwamba piko ni sumu kwenye ngozi yake na kwenye kiboksi iliandikwa, na mimi sikusoma. Kwamba yeye hakukosea kitu chochote. Nilimwambia jioni nitamwambia na baba, na kweli nilimwambia, na baba yake akaenda kumwomba mtoto radhi, na tangu hapo ananiongelesha mambo ya nyumba tu. Lakini hayo ni ya baadaye.

Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia, ananitazama usoni. Nilikuwa nalia, na yeye akaniangalia kama anavyomwangalia mtu mzima anayesema jambo kwa ajili ya kumbembeleza. Mtazamo huo naujua. Ndio anaonipa nikimwambia sindano haiumi.

"Najua ni wewe ulinipaka," alisema. "Mie nakumbuka."

"Basi umeelewa? Sio kosa lako."

Akavuta juu mkono wa kulia wa sweta, mara ya kwanza kwa miezi mingi afanye hivyo mbele yangu kwa hiari yake. Akaweka kidole juu ya kovu, si kwenye petali wala kwenye mshipa. Aliweka kwenye ule mkia mwembamba unaoelekea kidole gumba.

"Hapa ndipo nilipotingishika," alisema. "Alipita wa lambalamba. Ukaniambia limeharibika."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ule mstari hauhusiani, kwamba hata angekaa kama jiwe ingekuwa vilevile. Nilisema mara tatu au nne, kwa maneno tofauti. Alitikisa kichwa kukubali kila mara, kwa adabu, na hakukiondoa kidole. Alikuwa amelitafuta kosa lake mwenyewe, peke yake, wakati wote ambao mimi nilikuwa kimya. Watu wazima wawili walikuwa wamemwambia lipo, na yeye akalipata mahali pekee lilipoweza kuwa. Sasa ni lake. Sijui namna ya kumnyang'anya.

Akaurudisha mkono wa kushoto katikati ya mto, akautandaza vidole, kila kimoja mbali na mwenzake, kama maharusi wangu walivyofundishwa.

"Safari hii sitingishiki, mama," alisema. "Jaribu uone."

Akafumba macho, akabana pumzi. Mkono ulikaa pale juu ya kanga, mweupe kiganja kwa chini, laini juu, hauna kitu. Chini ya mtaa kengele ya lambalamba ilianza kulia, ikaja, ikapita mbele ya geti letu, ikaenda. Haukutingishika.